Kompyuta Iliyouzwa Bila Kufutwa: Sehemu ya Nne

Fundi aliyasoma yale maneno mara ya pili, kisha mara ya tatu, akitumaini macho yamemdanganya.

Hayakumdanganya. Kwenye kioo cha kompyuta aliyomnunulia binti yake wiki moja iliyopita, mtu alikuwa ameandika: "Mwanangu, umekula?" Chini yake, kwa herufi za mtoto anayetafuta kila kitufe kwa kidole kimoja, palikuwa na jibu: "Ndiyo mama."

Wewe msomaji unajua, na Fundi anajua kuliko wewe, kwamba mama wa mtoto huyu alizikwa miezi mitano iliyopita. Uzio wa chuma unaozunguka kaburi lake, Fundi aliuchomelea mwenyewe, fito kwa fito, na hakumruhusu mtu amshikie hata kipande.

Ilikuwa saa kumi na dakika tano alasiri. Jua lilikuwa limejaa chumbani. Uani Shangazi alikuwa anakamua nguo, na jirani alikuwa anagonga misumari. Hakukuwa na giza wala upepo wala chochote cha kusingizia hofu. Ndiyo maana Fundi alizidi kuogopa.

Akavuta kiti, akaanza kusoma tangu juu.

Siku ya kwanza, yule mtu alikuwa ameandika kwamba ameona taa ya kijani imewaka. Akauliza, "Ni wewe?" Binti yake, Chiriku, akajibu, "Ni mimi." Halafu Chiriku akauliza, "Mama uko wapi?"

Jibu lilikuwa fupi: "Mimi nipo palepale. Wewe ndiye uliyeondoka."

Fundi akaendelea kusoma.

Siku ya pili mtu huyo aliuliza kuhusu sweta na baridi ya asubuhi. Siku ya tatu aliuliza, "Nani anakusuka?" Chiriku akaandika kwamba ni Shangazi, lakini anavuta. Akaambiwa, "Mwambie alowanishe nywele kwanza."

Hapo Fundi alitua kidogo kabla ya kuendelea kusoma. Aliikumbuka siku hiyo vizuri. Chiriku alikuwa amekaa katikati ya magoti ya Shangazi, akasema kwa sauti, "Shangazi, lowanisha kwanza." Shangazi aliangusha kitana. Lilikuwa neno refu kuliko yote ambayo mtoto huyo alikuwa ameyasema tangu msiba. Watu wazima wawili walijifungia jikoni kwa zamu wakalia kwa furaha, kila mmoja akijifanya anatafuta chumvi.

Kwa anayejiunga nasi leo, Chiriku ni mtoto wa miaka minane. Jina hilo alipewa na mama yake kwa sababu alikuwa haishiwi maneno tangu anaamka. Mama alipofariki, maneno yaliisha. Akawa wa kutikisa kichwa, ndiyo au hapana, basi.

Na kompyuta hiyo haikununuliwa kwa kujionesha. Shule ilikuwa imeanza kutoa kazi kwa mashine. Mama wa Chiriku na kaka yake, akiwa kitandani hospitalini, alimwita Fundi karibu, akamtajia akiba yake ya kikundi, akamwambia ni ya kompyuta za watoto na vikorombwezo vyake. Alisema, "Usiongeze, usipunguze, na usimnyime mmoja." Hakusema tena jambo lolote la pesa mpaka alipoondoka.

Kwa hiyo Fundi alipoingia kwenye duka la yule anayeitwa Dokta, mtu anayefufua mashine zilizokufa, aliingia na kiasi kile kile na amri ile ile. Kompyuta mpya iliyokuwa kwenye kabati la kioo ilitaka fedha yote na bado ikatoa ulimi. Mpya moja ingemaanisha kumnyima mmoja.

Aliyewaokoa ni kaka yake Chiriku, mvulana wa miaka kumi na nne. Huyu wanamwita Msomi, maana anasoma hata karatasi ya sabuni. Msomi alisema wachukue mbili kuukuu zenye kumbukumbu ya kutosha, waachane na zile zinazong'aa. Alibonyeza kitufe kimoja kimoja kwenye kibodi zote mbili. Alizing'oa chaja, akaziacha mashine zitumie betri nusu saa nzima huku Dokta akimtazama kama mtu anayekaguliwa meno. Kilichobaki kilitosha begi moja, vipanya viwili, kimoja kidogo kwa mkono wa Chiriku, na hedifoni ambazo sauti yake ina kikomo, ili zisimuumize mtoto masikio.

Chiriku alichagua ile ndogo. Hakusema kwa nini. Aliikumbatia tu.

Sasa turudi kwenye kile kiti.

Fundi alimwita Shangazi, dada yake mkubwa, akamwonesha. Shangazi alisoma akiwa amesimama, mikono ikichuruzika maji ya sabuni. Kisha akasema kitu hicho kitoke nyumbani leo hii, na asiulizwe sababu. Fundi akasema lazima kuna maelezo. Shangazi akamjibu kwamba maelezo atayasikia kikiwa barabarani.

Fundi akanyoosha mkono kukizima.

Chiriku alikuwa mlangoni. Hawakujua amesimama hapo tangu lini. Hakulia, hakukimbia kuinyang'anya. Alisema kwa utulivu uliowafanya watu wazima wawili watazame chini.

"Baba, ukiizima atadhani nimekufa tena."

Fundi aliizima.

Asubuhi yake ilikuwa Jumamosi. Fundi na Msomi walikuwa wa kwanza dukani, kabla Dokta hajamaliza kukunja pazia la chuma. Fundi aliweka mashine juu ya kaunta, akaeleza. Dokta akacheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki, akavaa miwani.

Haikumchukua dakika tano. Alisema si jini wala mzimu, ni uzembe wake yeye. Siku ile alikuwa na mashine kumi na mbili za kufuta, hii akaipitiliza. Akaunti ya mwenye mashine wa zamani ilikuwa bado imo ndani, na humo mlikuwa na ukurasa wa pamoja: ukiandika hapa, maneno yanatokea kwenye mashine nyingine, popote ilipo. Ilipovuta tu intaneti kutoka kwenye simu ya Shangazi, taa ya kijani ikawaka upande wa pili.

"Kwa hiyo anayeandika yu hai," Fundi alisema.

"Yu hai kama mimi na wewe."

Dokta, kwa kutaka yaishe, akatoa mashine nyingine rafuni: kubwa kidogo, safi, haina historia. Thamani yake ilizidi ile ndogo, lakini wangefidia kwa kurudisha hedifoni na begi. Msomi akapinga. Akasema bila hedifoni Chiriku hatasikia masomo, maana karakana ya baba imepakana ukuta na chumba chao, na mashine ya kusaga chuma haijui kunong'ona. Wakaanza upya kupanga: begi lirudi, kipanya kikubwa kirudi, hedifoni zibaki. Fedha ikapungua kidogo. Dokta akasema hicho kidogo atakimeza mwenyewe, ni adhabu yake.

Ingeishia hapo, msomaji. Mkono wa Dokta ulikuwa tayari kwenye kitufe cha kufuta.

Ila Fundi aliuliza ile mashine ilitoka kwa nani.

Dokta alifungua daftari la wauzaji. Alimkumbuka. Alimwita Bwana Tai, kwa sababu alikuja amevaa tai siku ya joto kali. Bei ya kwanza aliyotajiwa aliipokea bila kushindana. Alisema ilikuwa ya mwanawe, na mwanawe hataihitaji tena. Kila anayeuza huandika namba ya simu na mahali anapokaa, naye aliandika, ingawa kwa kusitasita.

Fundi alipiga simu palepale, sauti ikiwa wazi ili Dokta asikie. Alijieleza kwa heshima, akamtajia na watoto wake wawili.

Kisha Bwana Tai akazungumza, taratibu, kama anayesoma. Alisema anayeandika ni mkewe. Walifiwa na kijana wao, na tangu hapo mkewe akili imeyumba. Aliomba radhi. Akasema kuna jambo dogo tu anataka: mashine ifutwe sasa hivi, yote, pasibaki hata herufi. Na kwa usumbufu, yeye atalipia kompyuta mbili mpya, zile za kwenye kabati la kioo, kila mtoto na yake, pamoja na kila kikorombwezo watakachonyooshea kidole.

Msomi aligeuka akalitazama lile kabati. Ni mtoto, tusimlaumu.

Fundi naye alilitazama. Aliona Chiriku na mashine ambayo haijawahi kuguswa na mtu. Kisha akakumbuka amri ya kitandani, usiongeze, usipunguze, akahisi kama kuna mtu amesimama nyuma ya bega lake akimsikiliza atajibu nini.

Alisema atafikiri.

"Usifikiri," Bwana Tai alisema. "Futa."

Simu ikakatika.

Dokta alisema bahati kama hiyo haigongi mara mbili. Msomi akamuuliza baba yake, kwa sauti ya kujiuliza mwenyewe, ni nini kilichomo ndani ya mashine moja kuukuu mpaka mtu atoe mbili mpya ili kifutwe.

Fundi akafunga ile ndogo, akaitia kwapani, akamwambia Msomi arudi nyumbani akakae na mdogo wake. Alinakili mahali palipoandikwa kwenye daftari, akatoka.

Nyumba ilikuwa ya ghorofa, ya juu bado haijakamilika. Nondo zilikuwa zimechomoza juu ya kuta. Fundi, kwa mazoea ya kazi yake, jicho lilikwenda kwanza kwenye ngazi za nje. Vyuma vya kushikia vilikuwa vipya kabisa, vimechomelewa haraka, na maungio hayajasagwa. Aliyefanya kazi ile alikuwa anakimbizwa, au alikuwa hana mapenzi nayo.

Aliyefungua mlango alikuwa mwanamke mwembamba, nywele zimeanza mvi upande mmoja. Aliona kilicho kwapani mwa mgeni. Hakuuliza jina wala shida. Alisogea pembeni akamwacha apite.

Mezani palikuwa na kompyuta nyingine, imefunguliwa, na kikombe cha chai iliyopoa. Mumewe alikuwa kazini, alisema. Yeye ni mwalimu, lakini kwa sasa yuko likizo ambayo hawamwambii itaisha lini.

Fundi alikuwa amejiandaa njia nzima. Alitaka kuwa mkali, kisha akataka kuwa mpole, na sasa yote mawili yalikuwa yamemtoka. Akasema tu kwamba anayemjibu kila alasiri ni mtoto wake, ana miaka minane, na hana mama.

"Najua," yule Mwalimu alisema.

Fundi alimtazama.

Mwalimu alieleza bila kukwepa. Siku ya kwanza alipoona taa ya kijani, alishika meza asianguke. Alijua kompyuta ya mwanawe haionekani nyumbani, lakini mumewe hakuwa amemwambia imekwenda wapi. Aliamini kwa saa moja, labda mbili, kwamba mwanawe yuko mahali fulani. Siku ya pili alishajua.

"Mwanangu alikuwa na miaka kumi na saba," alisema, na kwa mara ya kwanza mdomo wake ukataka kucheka. "Miaka miwili hakuwahi kunijibu ndiyo bila kuitwa mara nne. Huyu ananijibu mara moja, na anaandika ndiyo mama. Nikajua huyu si wangu."

"Kwa nini uliendelea?"

"Aliniita mama. Wewe ungenyamaza?"

Fundi alivuta kiti. Alikaa. Akajikuta anamsimulia mambo ambayo hata dada yake hakuwahi kumsimulia: jinsi nyumba ilivyokuwa na mtoto asiyesema, jinsi alivyokuwa akiwasha mashine ya kusaga bila kusaga chochote, ili asisikie ule ukimya. Akamwambia kuhusu nywele na kulowanisha. Mwalimu alifunika uso kwa viganja.

Alipotulia, naye alisimulia. Kijana alikuwa amepanda juu na baba yake jioni moja kuangalia kazi ya ukuta. Yeye alikuwa hapa hapa mezani, anasahihisha madaftari. Alisikia sauti za watu wawili, kisha ya mmoja. Mumewe akashuka akasema mtoto ameteleza kwenye ngazi. Vyuma vya kushikia viliwekwa wiki iliyofuata.

Fundi hakusema alichokuwa anafikiria kuhusu maungio ya vile vyuma.

Walikubaliana mambo mawili. La kwanza, mtoto aambiwe ukweli, leo, na wamwambie wote wawili. La pili, mashine isifutwe mpaka Mwalimu awe amechukua picha na maandishi ya mwanawe. Mwalimu alivaa viatu, akatoka kama alivyo.

Shangazi aliwapokea kwa uso uliofungwa, lakini alipomwona mgeni jinsi alivyokonda, akaenda kuleta maji bila kuombwa. Msomi alikuwa ameinamia kompyuta yake. Chiriku alikuwa amekaa kitandani, mikono mitupu juu ya mapaja.

Mwalimu hakumsogelea. Alikaa sakafuni, karibu na mlango, ili mtoto awe juu yake.

"Mimi ndiye niliyekuwa nakuandikia," alisema. "Mimi si mama yako. Nilipaswa kukuambia mapema. Nisamehe."

Chiriku aliinua uso akamtazama.

"Najua," alisema. "Mama alikuwa hajui kompyuta."

Shangazi, aliyekuwa ameshika bilauri, aliiweka chini polepole. Msomi alivua hedifoni za mdogo wake.

"Lakini ulikuwa unauliza kama yeye," Chiriku aliendelea. Akateremka kitandani, akaenda akakaa kando ya yule mwanamke, akaegemea mkono wake. Hakuna aliyemfundisha afanye hivyo. Mwalimu alibaki ametulia kama mtu aliyetuliwa na ndege begani, anayeogopa hata kupumua.

Fundi aligeukia dirisha. Alidhani yameisha. Tangu msiba hakuwahi kuisikia nyumba yake ikiwa na sauti hii, ya mtoto anayeongea chini kwa chini, anaeleza mambo ya shule, anarukia mengine, anarudi. Alifikiri atairudisha ile kompyuta mezani, kipanya kidogo pembeni, na Mwalimu akitaka aandike kila siku saa kumi, na ajulikane kuwa ni Mwalimu.

Ndipo Chiriku akauliza, "Na yule mwingine mbona hakuja?"

Mwalimu akatabasamu. "Mwingine yupi?"

"Wa asubuhi. Wewe ni wa saa kumi. Yeye anaandika nikiwa nakunywa chai, kabla ya shule."

Fundi aliachana na dirisha. Alisema alisoma ukurasa mzima na hakukuwa na maneno ya asubuhi. Chiriku akamweleza, kwa uvumilivu, kwamba hayawezi kuwepo. Akishasoma tu, yanafutika.

Rangi ilianza kumtoka Mwalimu usoni. Akasema ukurasa huo ulikuwa wa watu wawili. Neno la siri walilitunga wao wawili, yeye na mwanawe, na hakuna mwingine aliyewahi kupewa. Hata mumewe aliwahi kuliomba, wakamnyima kwa utani.

"Huyo wa asubuhi anajiitaje?" Fundi aliuliza.

"Hajaniambia jina. Anasema yeye ndiye mwenye mashine." Chiriku alikuwa anachezea kifungo cha mkono wa nguo ya Mwalimu. "Yeye ndiye aliyeniambia nikujibu. Alisema mama yake ana huzuni, atauliza maswali, mimi niseme ndiyo."

Uani, maji ya nguo zilizoanikwa yalikuwa yanadondoka kwenye bati.

Mwalimu akamuuliza mtoto kama kuna kingine aliambiwa.

Chiriku alitikisa kichwa kukubali. Alisema aliambiwa jana asubuhi, asimwandikie Mwalimu, amngoje aje mwenyewe, halafu amwambie kwa mdomo. Akamtazama baba yake kwanza, kama anaomba ruhusa, kisha akamsogelea Mwalimu sikioni. Lakini chumba kilikuwa kimya mno, na wote walisikia.

"Anasema hakuteleza. Anasema mmuulize baba yake."